Mtu wa Ng'ambo ya Ziwa

Kichupa chenyewe ni kidogo, na kifuniko chake kinafungwa kwa kuzungushwa. Kliniki wanakupa kikiwa kimeandikwa jina lako kwa kalamu nene, wanakwambia ukiamka kesho, kabla hujatia chochote mdomoni, ukohoe kutoka chini kabisa ya kifua, maana wanataka makohozi, mate hayasaidii. Halafu unatoka nacho mkononi kupita mbele ya benchi zima, na kila aliyeketi pale anajua umebeba nini. Mimi nilikificha kwenye mkoba wa kamera. Kama wewe umekificha kwenye mkono wa sweta au ndani ya buibui, karibu, tuko wengi.

Ninaandika haya dawa zikiwa zimekwisha, zangu na za mtu mwingine nitakayemtaja. Ugonjwa wenyewe, kifua kikuu, sitakueleza. Sista wa kliniki atakueleza vizuri zaidi, na ana mabango ukutani. Nataka kukwambia yale ambayo hayako kwenye bango.

Naitwa Talaso. Nafanya kazi katika maktaba ya kampasi ndogo ya chuo kikuu, pembeni ya mji wa Isiolo, upande wa njia ya Garbatulla. Nyuma ya mabweni kuna shimo kubwa lililochimbwa udongo wa murram wakati barabara ikitengenezwa. Wajenzi waliondoka, mvua ikalijaza, wanafunzi wakaliita Ziwa. Mgeni kutoka Kisumu akisikia tukisema tunaenda Ziwa, anaweza kucheka mpaka akae chini. Lakini ndege hawajali shimo limetokea wapi. Yangeyange wako, bata wako, mdiria yuko juu ya chuma kilichoachwa na wajenzi, na asubuhi jua likishapanda kidogo wanakuja firigogo kunywa, kundi baada ya kundi, wakiitana kwa sauti ya maji yanayobubujika.

Kamera nilinunua kwa mhadhiri aliyehamishwa. Ina lenzi ndefu yenye mkwaruzo pembeni, na haina haraka ya kutafuta shabaha yake. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mpiga picha wa Jumamosi tu. Wenzangu walikuwa wanasuka nywele na kwenda harusi. Mimi nilikuwa nalala kifudifudi kwenye vumbi nikimvizia bata. Halkano, kaka yangu, alisema ndiyo maana ndoa yangu ilivunjika. Haikuvunjika kwa sababu ya bata.

Nilikuwa nakaa kwa Halkano, mtaa wa Bula Pesa, yeye na mkewe Rukia na watoto wao watatu, na baba yetu ambaye sote tunamwita Abbo. Abbo alichunga ngamia maisha yake yote upande wa Sericho, mpaka ukame ulipomwachia wanyama wachache wa kuhesabika kwa vidole, Halkano akamleta mjini. Alilala chumba kimoja na Adan, mtoto wa mwisho, kwa sababu Adan alikataa kulala na mtu mwingine. Mimi nilikuwa na chumba changu karibu na geti.

Kikohozi kilinianza Julai, wakati wa upepo. Nilisema ni vumbi. Isiolo, vumbi linabeba lawama za mambo mengi. Kisha sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, naenda kazini zipu iko nyuma, nafika iko mbele. Usiku nililowa jasho mpaka shuka inakamuliwa. Nilipoona damu kwenye kitambaa nilikikunja vizuri sana, nikakiweka mfukoni, nikaendelea kupanga vitabu mpaka saa kumi. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu anaweza kupanga vitabu vizuri ajabu.

Majibu yalitoka Septemba. Sista wa kliniki, Mmeru mmoja mnene wa uso na mwenye sauti ya kuamuru, Sista Kendi, alinishika kiwiko akanipandisha kwenye mizani kama mtu anayempima mbuzi asiyemwamini. "Dawa miezi sita," akasema. "Hakuna kuruka hata siku moja. Ukiruka mimi nitajua, na nitakuja kwenu na hii sauti yangu." Akaniandikia pia karatasi ya kuita watu wote wa nyumbani waje wapimwe. Ule mkono wake kwenye kiwiko nimeutaja kwa sababu ulikuwa mkono wa mwisho kunigusa kwa wiki nyingi.

Nilipofika nyumbani, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, nilienda kwa Abbo. Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mzee wa Kiborana akikubariki anakutemea mate. Si mate ya dharau, ni tone tu, tuf, kichwani au kwenye viganja, pamoja na maneno ya amani na afya. Hakuna safari wala mtihani unaoanza bila hilo. Abbo alinitemea nikienda kidato cha kwanza. Alinitemea nikiolewa, na siku niliporudi na sanduku langu alinitemea pia, bila kuuliza swali hata moja. Kwa hiyo nikapiga magoti mbele yake, pakiti ya dawa mkononi, nikainamisha kichwa.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani.

"Nenda tu, intala," akasema, yaani binti. "Dawa ya serikali iko mzuri."

Nikasubiri. Nilifikiri labda anatafuta maneno. Magoti yalianza kuniuma, na yeye bado anatazama ukuta. Mwishoni nilisimama mwenyewe nikaenda chumbani kwangu, nikameza dawa bila baraka, na nikalia. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba dawa zile zinabadilisha rangi ya machozi pia. Mkojo walikuwa wameniambia, kwamba utakuwa wa rangi ya chungwa. Machozi niliyaona mwenyewe kwenye leso nyeupe.

Basi ukaanza ukimya. Rukia alichukua kikombe kimoja, akakipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha karibu na kishikio, akaniletea. "Si ubaya, Talaso," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Ni watoto tu." Kila asubuhi alikuwa akiweka uji na maziwa ya ngamia kwenye kizingiti, anabisha mara mbili, anaondoka. Nilichukia kule kubisha kuliko ugonjwa. Chuo kilinipa likizo ya ugonjwa. Wenzangu wa maktaba walinitumia ujumbe wa pole wiki ya kwanza, wiki ya pili mmoja akauliza ufunguo wa kabati uko wapi, kisha simu ikanyamaza. Adan alinisalimu kupitia pazia: "Salaam aleikum, shangazi, bado uko?" Nikamjibu bado niko. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku.

Siku ya kupimwa kwa familia, Rukia na Halkano na watoto walienda, wakaonekana wazima. Abbo hakwenda. Aliamka mapema akasema anaenda soko la mifugo kusikiliza bei, akarudi jioni. Halkano aliponung'unika, Abbo akasema yeye hana ugonjwa, na kikohozi chake kidogo ni cha moshi wa miaka sitini. Halkano akaliacha. Mwaka uliotangulia Halkano alimshika mkono kumpeleka hospitali kwa ajili ya mguu, na kesho yake Abbo akapanda lori la Sericho bila kuaga, akakaa huko miezi mitatu. Mzee yule hasukumwi.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na Ziwa. Ndilo lilikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyesogea nilipofika, isipokuwa ndege, na wao husogea kwa kila mtu. Nilimeza dawa, nikasubiri kichefuchefu kipite, nikatembea polepole nikipumzika njiani mara nne, na kwenye saa mbili u nusu nikawa nimeketi ukingo wa mashariki, jua mgongoni, kamera juu ya goti. Nikikohoa, yangeyange wote wanaruka, wanazunguka, wanatua tena mbali kidogo. Nilizoea kuwaomba radhi kwa sauti. Siku nyingine hilo ndilo neno pekee nililotamka tangu asubuhi mpaka usiku.

Na kulikuwa na mtu mmoja aliyeniudhi. Ukingo wa ng'ambo una kichaka cha mathenge, ile miti ya miiba, na asubuhi nyingi, nyuma ya ndege niliyekuwa nikimlenga, kulikuwa na doa jeupe. Lenzi ndefu ikimshika ndege vizuri, kilicho nyuma yake kinakuwa ukungu, kwa hiyo sikujua ni nani. Nilidhani ni mchungaji wa mbuzi. Nilimsema vibaya moyoni. Mji wote ulikuwa umenikimbia, na huyu mmoja asiyenikimbia alikuwa ameamua kuja kuniharibia picha.

Oktoba, wiki ya mwisho kabla ya mvua, maji yalikuwa yamerudi nyuma mpaka ufuko wa matope ukaonekana. Dume la firigogo lilishuka peke yake. Likaingia majini likalowesha manyoya ya kifua, likijitikisa, maana ndivyo wanavyobebea makinda maji, kwenye manyoya, mwendo mrefu jangwani. Nilikuwa nimemngoja yule ndege mwaka mzima. Nikabonyeza, kamera ikapiga picha tatu mfululizo, na ndege akaruka.

Nikaangalia. Zote tatu zimeharibika. Kamera ilikuwa imemwacha ndege ikashika kilicho nyuma yake. Firigogo alikuwa ukungu wa kahawia. Ila mti wa mathenge ulionekana mpaka miiba, na mtu aliyepiga goti chini yake alionekana mpaka mishipa ya mkono.

Alikuwa Abbo.

Bakora yake ameiegemeza kwenye tawi. Mkono mmoja ameshika shina, mwingine ameweka pembe ya shuka mdomoni, na mwili umejikunja. Mimi najua kikohozi cha namna ile kinavyokunja mtu, nilikuwa nacho. Kwenye picha ya pili amejikunja zaidi. Kwenye ya tatu ameishusha shuka na anaitazama.

Nilitazama ng'ambo kwa macho yangu. Palikuwa mbali, doa jeupe tu. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake, sikuweza kusikia kitu. Nikarudi kwenye kamera, nikaanza kupekua picha za nyuma, wiki baada ya wiki. Doa lilikuwepo. Lilikuwepo Septemba. Lilikuwepo kwenye picha za Juni, za Jumamosi zangu za uzima, kabla mimi sijakohoa hata mara moja.

Nitasema ukweli, maana bila ukweli maandishi haya hayakusaidii. Jambo la kwanza nililohisi ni hasira. Mimi nilikuwa na kikombe cha alama nyekundu, na yeye anakunywa kwenye vikombe vya wote. Mimi nimefungiwa karibu na geti, yeye analala na Adan. Na huyu ndiye aliyenigeuzia uso kwa kuchukizwa na ugonjwa wangu! Siku tatu sikutoka chumbani. Siku ya tatu Adan akaja kwenye pazia akauliza bado niko, halafu akakohoa. Ilikuwa mafua tu, baadaye tulijua. Lakini nilisimama wima, hasira yote ikaisha, ikabaki hofu.

Kumwambia Halkano ilikuwa rahisi. Angemshika mzee mkono, na kesho yake lori la Sericho lingekuwa na abiria. Huko hakuna Sista Kendi. Angekaa kwenye kivuli cha boma na kufa polepole, akiwaambia watu ni moshi. Na mimi kumwambia uso kwa uso, haiwezekani. Binti hamwambii baba yake kwamba ni mgonjwa, tena ugonjwa huu, tena alioufanya siri.

Nikakumbuka alivyonifundisha mwenyewe nikiwa mdogo. Ngamia aliyefiwa na ndama haruhusu mtu amkaribie. Ukimwendea moja kwa moja, anakimbia au anauma. Kwa hiyo unaenda upande, kana kwamba unapita zako. Unasimama, unatazama chini, unachezea fimbo. Unapita, unarudi, kila mara umepunguza hatua chache, na humtazami machoni. Ndege nilikuwa nawaendea hivyo hivyo miaka yote. Sikuwa nimewahi kufikiria kumwendea mtu.

Siku ya kwanza nilihamia ukingo wa kaskazini. Nilimwona akisimama haraka na kuchukua bakora, lakini mimi nilikuwa na jicho kwenye kamera, nampiga mdiria. Akaketi tena. Siku ya pili nilisogea mpaka kwenye chuma cha wajenzi. Siku ya tatu niliketi ukingo wake, mbali, mgongo nusu kwake. Nikapiga picha za matope ambayo hayakuwa na kitu. Siku ya nne nikasikia sauti.

"Unapiga nini hapo?"

"Nangoja firigogo, Abbo."

"Hao hawawezi tua hapo." Alikuwa anakereka kweli. "Hapo iko karibu na mathenge. Mbweha inajificha ndani. Firigogo inataka mahali wazi. Mimi nilikufundisha nini?"

"Nimesahau. Wanatua wapi?"

"Kuja huku."

Nikaenda, nikaketi hatua tatu kutoka kwake. Wote wawili tulitazama maji. Akanionyesha kwa bakora mahali ukingo umelala, akanieleza jinsi walivyokuwa wakiwafuata firigogo asubuhi kutafuta maji mwaka wa kiangazi, na jinsi mtu mjinga anavyowafuata wakiwa wanatoka kunywa badala ya wakiwa wanaenda. Alisimulia vizuri. Alikohoa mara mbili, mimi mara moja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ndege walishuka palepale aliposema, nikawapiga.

"Leta nione," akasema.

Nikampa kamera. Nilimwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma. Mle ndani zile picha tatu zilikuwepo, sikuzifuta, na nilijua zipo. Alibonyeza kwa kidole gumba, polepole, ndege baada ya ndege, akinung'unika majina yao kwa Kiborana. Kisha akaacha kunung'unika.

Upepo ulikuwa unacheza na shuka yake. Nilitazama maji mpaka macho yakauma.

"Huyu ni nani?" akauliza hatimaye.

"Simjui, Abbo. Ni mtu wa ng'ambo ya ziwa. Aliingia kwenye picha."

Akasogeza kamera karibu na macho. "Inaonekana ni mgonjwa, huyu mzee."

"Naona hivyo."

"Iko na watoto?"

"Anao. Mmoja ni mkaidi sana."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja vilevile kama kwenye picha. Safari hii nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, sikuweza kusema sijui ni nani. Nilisogea nikamshika mgongo. Mifupa yote ilihesabika chini ya shuka. Alipotulia hakuuondoa mkono wangu.

"Hiyo mzee inakuja hapa kukohoa," akasema, "ndio watoto wasisikie nyumbani. Iko na mate mbaya. Imejua siku mingi." Alifuta mdomo. "Binti yake ilikuja kuomba baraka. Sasa ataiwekea hiyo mate kwa kichwa? Akakataa. Akageuka. Hiyo siku mzee hakulala."

Wiki zote zile nilikuwa nimeubeba ule uso uliogeuka kama jiwe kwenye kiatu. Nilikuwa nimeacha hata kumsalimu ipasavyo, napita na "nagaa" ya haraka, salamu yetu ya amani, bila kusimama. Kumbe tulikuwa tunakuja mahali pamoja kila asubuhi, yeye ameikimbia nyumba ili kutulinda, mimi nimeukimbia uso wake, ziwa limekaa katikati.

"Kesho natakiwa kliniki, kipimo cha mwezi wa pili," nikasema. "Njia ni ndefu. Naogopa kwenda peke yangu."

Hiyo ya kuogopa ilikuwa kweli, ingawa si njia niliyoiogopa. Abbo alinirudishia kamera, akaangalia mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa Mlima Kenya.

"Mimi nitakusindikiza," akasema.

Mvua ya kwanza ilitukuta kwenye benchi la kliniki, chini ya mabati, kelele mpaka majina hayasikiki. Kando yetu kulikuwa na mama aliyetoka Kinna alfajiri na mtoto mgongoni. Sista Kendi alinipima, nimeongeza kilo mbili, akapiga makofi kana kwamba nimejifungua. Kisha akamwona mzee nyuma yangu, akasikia kifua chake, na akili yake ni nyepesi, hakuuliza mbele ya watu. Alichukua kichupa akakiweka kwenye kiganja cha Abbo na kukifunika kwa vidole vya mzee mwenyewe.

"Nyuma ya jengo hakuna mtu, mzee wangu," alisema. "Chukua muda yako."

Alichukua muda wake. Nilimngoja chini ya mabati nikiwa na hakika ameruka ua na yuko njiani kwenda Sericho. Alirudi ameloa mvua, kichupa kimefungwa ndani ya kofia yake.

Majibu yake yalikuwa mabaya, na pafu moja lilikuwa limeharibika sana. Siku ya kupewa dawa, Sista alimwelezea taratibu. Abbo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja, kwa sauti ya chini, akitazama ukuta: kama mate yake yamewaambukiza watoto wa nyumba.

"Mate?" Sista alisema. "Hii ugonjwa haiendi na mate wala kikombe, mzee. Inaenda na pumzi. Ukikohoa ndani ya nyumba imefungwa, hapo ndio shida. Ukienda kukohoa nje kwa upepo, hapo ulifanya poa."

Abbo aliacha ukuta akamtazama. "Kwa hivyo," akasema, "hiyo baraka nilikuwa nanyima hawa bure?"

Sista hakuelewa. Mimi nilielewa, nikajifanya nasoma bango.

Yaliyofuata nyumbani hayakuwa rahisi. Halkano alipiga kelele, kisha akaenda kukaa nje ya geti peke yake mpaka magharibi. Watoto walipimwa tena, Adan akawekwa kwenye dawa za kinga. Alizionea fahari, akasema sasa na yeye ni wa kliniki. Siku ya tatu nilimkuta Rukia jikoni na kile kikombe changu, anasugua alama nyekundu kwa steel wool, anasugua kama mtu anayegombana. Aliponiona akaacha. "Haitoki yote," akasema. Akanimiminia chai ndani yake, akajimiminia na yeye ndani ya kingine, tukanywa tumesimama.

Nilimaliza dawa Machi. Nilikuwa nimesikia watu wakisema siku hiyo unatoka unaruka. Mimi nilitoka kliniki nikasimama barabarani bila kujua niende wapi. Kwa nusu mwaka kila asubuhi ilikuwa na kazi moja, kumeza, na sasa haikuwa nayo. Kazini walinipokea kwa keki, na mmoja wao alikaa upande wa pili wa meza. Bado anakaa huko. Kama na wewe yatakukuta hayo, usishangae: mwili unapona kabla ya watu. Jumamosi nilikwenda Ziwa. Maji yalikuwa yamejaa, firigogo hawakuwepo, mvua ikinyesha huwa wana maji kila mahali. Nilikaa saa mbili bila kukohoa. Yangeyange mmoja alikuja karibu sana, nami nilikuwa natazama kichaka cha ng'ambo, ambako hakukuwa na mtu.

Abbo alikuwa amebakiwa na miezi miwili. Dawa zilimtesa kuliko zilivyonitesa mimi. Miguu ilimwaka moto, chakula kilimkinaisha, na mara mbili alianza kuuliza habari za malori. Nilikuwa nampelekea vidonge mwenyewe kila asubuhi, namtazama mpaka ameze, kisha namwonyesha picha moja. Hilo ndilo lilikuwa patano letu, kidonge kimoja kimoja, mwisho ndege. Siku ambazo sikuwa na ndege mpya alinikaripia.

Mei tulikwenda kuchukua majibu yake ya mwisho. Benchi lilikuwa limejaa, watu na barakoa zao, kila mmoja anatazama sakafu kama tulivyofanya sisi. Aliitwa, akaingia na bakora yake. Mimi nilibaki nje. Ukutani mbele yangu kulikuwa na bango kubwa jekundu: USITEME MATE HAPA.

Alitoka ameshika karatasi yenye muhuri wa kupona. Alikuja mpaka mbele yangu, akasimama akivuta pumzi, kwa sababu lile pafu halitarudi kamwe, kisha akaweka mkono kichwani kwangu na kunishusha taratibu. Nikaelewa. Nikapiga magoti palepale, kwenye saruji, mbele ya benchi zima.

"Nagaa," akasema. "Fayya." Na mengine mengi, ya amani na afya, yote aliyoninyima siku ile alipogeukia ukuta. Kisha akainama.

Tuf.

"Mzee!" Sista Kendi akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mzee, hapa hakuna kutema mate!"

Benchi zima likageuka kututazama. Halikuwa tone, alikuwa ameweka akiba ya miezi mingi. Mate yakanishuka kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye nyusi, ya uvuguvugu, na mimi sikujipangusa.